Nimelipia "kiokoa umeme" cha seva, kumbe kinarusha shilingi

Ndugu wanajukwaa, nimejizuia wiki mbili nisiandike kwa hasira, lakini leo saa nne asubuhi umeme ulikatika, inveta nayo ikazima mapema kuliko kawaida, katikati ya hesabu za wateja wetu wa Kariakoo.

Waliotuuzia seva, ambao sitawataja, walituwekea kerneli ya Linux, yaani programu kuu inayoendesha mashine, waliyoirekebisha wenyewe. Nilipoichunguza nikakuta kwamba kila kiini cha prosesa kinapokosa kazi, programu yao hubahatisha sawa kwa sawa kati ya usingizi mwepesi, C1, na usingizi mzito, C6, pasipo kuangalia taima inayofuata, ile kengele ya ndani ya kukiamsha kiini, italia lini wala kiini hicho kimekuwa kikilala muda gani.

Aliyewahi kupanga foleni ya kivuko pale Magogoni anaelewa: ukizima injini na foleni ikasogea papo hapo, umejitia hasara ya kuwasha upya, ukiiacha ingurume nusu saa, mafuta yamekwenda bure. C6 hukata karibu umeme wote wa kiini, ila kuingia na kutoka kuna gharama, kwa hiyo usingizi mfupi haulipi.

Sipingi kubahatisha kwenyewe. Imethibitishwa kihisabati kwamba asiyejua ataamshwa lini, akisubiri hadi gharama ya kusubiri ilingane na ya kuzima na kuwasha, hatalipa zaidi ya mara 2 ya yule anayejua yote. Akiubahatisha muda huo wa kusubiri kwa mgawanyo uliokokotolewa, wastani hushuka hadi takriban mara 1.58. Huko ni kubahatisha kwa mizani, na hawa hata mizani hawana!

Kwenye saraka ya cpuidle, sehemu ya Linux inayosimamia usingizi wa prosesa, faili la "above" huhesabu mara ambazo usingizi uliochaguliwa ulikuwa mzito kupita muda uliopatikana. Langu la C6 linapanda kila nikilisoma. Nilipopiga simu, kijana wa huduma akanijibu, "Mzee wangu, kwa wastani inajisawazisha." Haijisawazishi, kwa sababu hasara ya kuzima bure na hasara ya kukesha bure hazifutani bali hujumlishwa, na zote mbili nazilipia mimi kwenye LUKU.

Nimekwisha kurudisha kerneli ya kawaida yenye teo, kiteuzi cha usingizi kilichoingia Linux 5.1 mwaka 2019, ambacho huanza kwa kutazama taima. Sasa nadai fedha ya hiyo "leseni ya kuokoa umeme", na risiti ninayo.