Mjadala: Mbona Daktari Adrian Atiman wa Karema bado si mtakatifu?

Mleta mada (Mwanga, Kigoma):
Wakubwa, shikamooni. Adrian Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, Mali, miaka ya 1860. Alitekwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa, na Mapadre Weupe, shirika la wamisionari Wakatoliki, wakamkomboa Algeria. Alisomea udaktari Malta kuanzia 1881 hadi 1888, akafika Karema 1889 kama katekista na tabibu, na hakuhama tena mpaka kifo chake mwaka 1956. Hiyo ni miaka 67 kwenye mwambao huu huu wa ziwa Tanganyika. Bakhita wa Sudan, naye mtumwa aliyekombolewa, alitangazwa mtakatifu mwaka 2000. Wa kwetu bado. Hoja yangu: anabaki nyuma kwa sababu ni Mwafrika, mlei (si padre wala mtawa), na alikuwa na mke. Nikosoeni.

Kipalapala (Tabora):
Marahaba. Sababu zote tatu hazisimami. Kati ya mashahidi wa Uganda waliotangazwa 1964 yumo Andrea Kaggwa, mwenye mke, aliyewahi kutekwa utumwani utotoni. Oktoba 2025 ametangazwa Peter To Rot wa Papua New Guinea, katekista mwenye mke na watoto, na siku hiyo hiyo José Gregorio Hernández wa Venezuela, daktari mlei. Kwa hiyo katekista yupo, daktari yupo, mwenye mke yupo, aliyetekwa yupo.

Tofauti ni hii: Kaggwa na To Rot ni mashahidi waliouawa kwa ajili ya imani, na shahidi anaweza kutangazwa mwenye heri, hatua iliyo kabla ya utakatifu, bila muujiza. Atiman alifariki mzee, hakumwaga damu. Njia yake ni ya fadhila za kishujaa, yaani kuthibitisha kwamba aliishi wema wa Kikristo kupita kawaida, nayo ni ndefu. Askofu wa mahali alipofia ndiye mwenye mamlaka ya kuanza. Karema iko Katavi, jimbo la Mpanda, chini ya jimbo kuu la Tabora. Watu wa Kigoma mnaweza kupiga debe mpaka sauti ikauke, faili halifunguliwi Kigoma isipokuwa mamlaka hiyo ihamishwe rasmi. Jimbo likianza, wanateolojia wasiopungua wawili husoma maandishi yake, na tume ya wanahistoria na wajuzi wa nyaraka, watatu au zaidi, hukusanya kila karatasi inayomtaja, zile za kumsifu na zile za kumkosoa. Ndipo mzigo unakwenda Roma.

Na hapo ndipo penye kazi. Aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1956 sasa ameshapita 80. Mashahidi wa macho wakiisha, mchakato unahesabiwa kuwa wa kihistoria: kinachobeba kesi ni karatasi. Bahati nzuri Mapadre Weupe walikuwa na desturi ya kuandika shajara ya kila kituo, siku kwa siku. Bahati mbaya ni za Kifaransa, zimeandikwa kwa mkono, na padre anaandika habari za padre. Tabibu anatajwa pale tu alipohitajika. Anayetaka kusaidia aanze na hizo, pamoja na vitabu vya ubatizo na ndoa, kabla hajachapisha kalenda zenye picha yake.

Ujiji:
Assalaam aleikum. Mimi si wa kanisa lenu, lakini historia hii ni yetu sote. Mnasema "alikombolewa". Kwa lugha ya soko: alinunuliwa. Fedha ilitoka mfuko mmoja ikaingia mwingine, na mfanyabiashara aliyelipwa leo kesho anakwenda kumtafuta mwingine wa kuuza. Mapadre Weupe walifika Ujiji Januari 1879, na kwenye vituo vyao vya ziwani walijaza watoto walionunuliwa hivyo hivyo. Lakini biashara ya watumwa ikitajwa, lawama yote inatua Ujiji na Waarabu wake, mnunuzi wa upande wa pili anavikwa kilemba.

Tena angalieni Rumonge, hapo juu tu ya ziwa, Burundi ya leo. Mei 1881 mapadre Deniaud na Augier na msaidizi wao d'Hoop waliuawa katika ugomvi uliotokana na mtoto waliyekuwa wanamlea. Je, hao walifia dini au walifia madai ya mtoto wa watu?

Mleta mada:
Ujiji, unamlaumu Atiman kwa kununuliwa?

Ujiji:
Hata kidogo. Ninauliza kama alikuwa na hiari. Mtoto kanunuliwa, kabatizwa, kasomeshwa, kapangiwa kazi nchi asiyoijua. Akikaa miaka 67, hiyo ni fadhila au ni kukosa pa kurudi?

Katekista (Kibirizi):
Swali zito, wala tusilikimbie. Ujiji ana haki juu ya soko. Lavigerie mwenyewe, mwanzilishi wa shirika, alijenga kwanza juu ya watoto waliokombolewa, na udhaifu wake ukaonekana: kijiji cha misheni kinakuwa kisiwa, watu wa nje wanasema dini ile ni ya watumwa wa wazungu. Njia iliyozaa Ukristo kwenye vijiji vyetu ni ile kanuni yake nyingine, ukatekumeni (mafundisho ya kabla ya ubatizo) wa miaka minne, unaomtaka mtu mzima aje kwa miguu yake na asubiri. Rumonge nayo ni ngumu: chanzo cha ugomvi kikiwa mtoto, kuthibitisha kwamba wauaji walisukumwa na chuki dhidi ya imani ni kibarua.

Lakini juu ya hiari sikubaliani nawe, ndugu yangu. Tabibu aliyesoma Malta, anayejua lugha za Ulaya, mwaka 1900 au 1920 hakukosa pa kwenda. Karema alioa Agnes Wansahira, binti wa mtawala wa huko, na mwana wao Joseph akawa padre. Huyo ni mtu aliyekita mizizi. Bakhita naye alinunuliwa Khartoum na konsuli wa Italia, na mwaka 1889, mwaka ule ule Atiman anafika Karema, mahakama ya Venice ikatamka yuko huru. Akachagua kubaki utawani. Kwa Bakhita tuna karatasi ya mahakama. Kwa Atiman, tume ya wanahistoria ingepaswa kuitafuta hiari yake ndani ya barua na matendo. Ningependa swali la Ujiji liwe la kwanza kwenye orodha yao.

Tabibu (Kasulu):
Naongeza la kitaalamu, maana naona watu wanahesabu wagonjwa aliowaponya. Hao wote hawaingii. Hiyo ilikuwa kazi yake, kwa dawa na kisu. Muujiza unaotakiwa ni baada ya kifo chake: mmoja kwa uenyeheri, na kwa kawaida mwingine kwa utakatifu.

Vigezo ni vya Lambertini, aliyekuja kuwa Papa Benedikto wa 14, karne ya 18, na bado vinatumika: ugonjwa mzito, usio na kawaida ya kupungua wenyewe, dawa haikutumika au imeshindwa, kupona ghafla, kikamilifu, na kwa kudumu. Jopo la madaktari Roma lina watu saba, na watano wakubali kwamba sayansi haina maelezo. Kwa Hernández alikuwa binti wa miaka 10 aliyepigwa risasi kichwani mwaka 2017: jeraha linaonekana, picha za kichwa zipo, tarehe zipo.

Sasa kwetu kesi inafia wapi? Daftari la mgonjwa anabaki nalo mwenyewe, linalowa au linapotea. Eksirei ya kabla ipo, ya baada haikupigwa kwa sababu mtu kapona, nani atoe hela? Malaria ya kichwa ikiisha wakati dripu ya dawa inaendelea, hiyo ni dawa. Na familia inasali kwa Atiman, kwa Bakhita na kwa Mama Maria usiku mmoja, huku bibi kaleta mizizi. Jopo likiuliza aliombwa nani, hakuna jibu. Kwa hiyo: mwombezi mmoja, tarehe ya kuanza sala iandikwe, na nakala za vipimo zitunzwe mahali pawili.

Mleta mada:
Nimeelewa, nafuta ile hoja ya rangi na ndoa. Basi tukajenge kikanisa juu ya kaburi lake Karema, watu wasali hapo?

Kipalapala:
Usithubutu! Kabla Kanisa halijatamka, ibada ya hadharani imekatazwa, na faili lazima liwe na ushahidi kwamba haikufanyika. Picha yenye duara la mwanga kichwani, litania parokiani, altare juu ya kaburi, kila kimoja ni pingamizi. Kufyeka majani, kuweka maua, kusali kimya, ruksa. Na anayepata jibu la sala yake amwandikie paroko, aweke tarehe na sahihi.