Studio imepandisha nyimbo zetu kwa jina lake, tunasajili wapi haki zetu tupate mirabaha? (Tanga)

DaMakorora:
Habari za jioni wanajamvi. Naombeni ushauri kwa wenye uzoefu na haya mambo ya hakimiliki, maana hapa Tanga kila ninayemuuliza ananiambia lake.

Tuna kikundi cha taarabu hapa Makorora, tumerekodi nyimbo nne kwenye studio moja ya hapa hapa mjini, hela ya studio tumechanga wenyewe na risiti ninazo. Mashairi yote nimetunga mimi, melodi mbili ni za marehemu mjomba wangu aliyekuwa anapiga fidla. Sasa nyimbo moja imeshika kwelikweli, kwenye harusi inapigwa, redioni inapigwa, mahoteli ya Raskazone wanaiweka, alafu juzi mdogo wangu ananionyesha ipo YouTube na Spotify ila mmiliki ameandikwa ni studio. Nikamfuata mwenyewe, ananijibu masta (rekodi yenyewe) ni yake kwa sababu karekodi yeye.

Ugomvi siutaki, lakini mule ndani kuna wazee. Mpiga udi wetu ni mtu mzima sana na kapiga usiku kucha bila kulalamika, nataka jasho lake limfikie angali hai. Nasajili wapi, nasajili nini, na huyu wa studio ana haki gani hasa?

Chumbageni_boy:
Pole dada. Nenda BASATA ndo wanaosajili wasanii.

MwanaNgamiani:
Hapana kaka, usimpoteze. BASATA ni baraza la sanaa, wanakusajili wewe kama msanii na kukupa kibali cha kufanya kazi, na ni muhimu kuwa nacho. Ila hakimiliki ni COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania bara, kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. (Kama mwenzenu wa kikundi yuko Unguja huko ofisi yao ni COSOZA, wana sheria yao.)

Dada, kwanza jua kwamba kwenye nyimbo moja kuna haki tatu na watu wengi wanazichanganya, ndo maana huyo mwenye studio anakujibu kwa kujiamini. Ya kwanza ni ya mtunzi, maneno na melodi. Hiyo ni yako na ya marehemu mjomba wako na hakuna studio inayoweza kuigusa bila wewe kusaini. Ya pili ni ya waliopiga na kuimba, huyo mzee wa udi yumo humo, sheria inaiita hakishiriki. Ya tatu ni ya rekodi yenyewe, ndo hiyo masta mnayogombania. Kila moja ina hela yake, na mtu akisajili moja tu anaziacha mbili zinaelea.

Haki yako ya utunzi imeanza siku ulipotunga, haisubiri cheti, Tanzania tupo kwenye Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1994 na Berne haidai usajili. Ila bila usajili siku ya ubishi utathibitisha na nini, na hela ikikusanywa watampa nani? Kwaiyo sajili. Beba kitambulisho, nakala ya rekodi, mashairi yaliyoandikwa, na orodha ya kila aliyeshiriki na sehemu yake.

Na tangu sheria ilipobadilishwa 2022, COSOTA imebaki kusajili na kusimamia, kukusanya na kugawa mirabaha kumeenda kwa kampuni za pamoja, yaani zinazokusanya kwa niaba ya wenye kazi wote, kwa muziki ni TAMRISO. Wengi wanaishia kwenye cheti cha COSOTA alafu wanashangaa hela haiji. Jiunge na huko pia.

Biti_za_Pwani:
Mi ni prodyuza, naomba nisemee upande wetu kidogo maana huwa tunaonekana wezi wote. Kama biti nimetunga mimi kuanzia kinanda mpaka ngoma, basi na mimi ni mtunzi kwenye hiyo nyimbo na nastahili sehemu yangu. Lakini dada kwa maelezo yako hapo hakuna biti, kikundi kimekuja na vyombo vyake na melodi zake na studio imelipwa. Kubonyeza kitufe cha kurekodi hakukupi masta. Mkataba wa WIPO (shirika la Umoja wa Mataifa la miliki bunifu) wa 1996 unamtambua mzalishaji wa rekodi kuwa ni yule aliyeanzisha na kubeba dhamana ya kurekodi, na hizo risiti zako ndo zinazoongea hapo, zitunze kama hati ya kiwanja. Swali langu moja tu, kuna karatasi yoyote mlisaini pale studio?

DaMakorora:
Hatukusaini kitu, ni risiti tu zenye jina la kikundi. Asanteni sana. Hivi haki ya mjomba nayo haijafa naye?

MwanaNgamiani:
Haijafa. Sheria yetu inalinda kazi maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufariki, warithi ndo wanaopokea. Familia ikae, mchague msimamizi wa mirathi, mkathibitishe Mahakama ya Mwanzo, zile karatasi ndo utaambatanisha. Ila uwe na hakika melodi ni za kwake. Kama ni ya ngoma ya zamani isiyojulikana mtunzi, usimwandike yeye wala wewe, andikeni kwamba mmepanga upya tu.

Mdigo_London:
Niongezee upande wa mtandaoni. Kila rekodi ina namba ya ISRC, herufi na tarakimu 12, inakaa na hiyo rekodi milele. Studio ilipopandisha ilipewa hiyo namba na msambazaji, yaani kampuni inayopeleka nyimbo Spotify na kwingineko, ichukueni. Ikianza na QZ msishtuke, hizo ni za Marekani, wasambazaji wengi wanatumia. Mkihamishia kwenye akaunti ya kikundi tumieni namba ile ile, mkiomba mpya mnaweza kupoteza hesabu ya waliosikiliza tangu mwanzo. Ila ISRC ni utambulisho, sio ushahidi wa umiliki, kwaiyo kwa msambazaji pelekeni malalamiko na risiti na cheti cha COSOTA.

Na kama inapigwa nje, huku Uingereza PPL ndo wanaokusanya hela ya rekodi kwa redio na kumbi, kujiunga ni bure. Marekani kuna SoundExchange kwa redio za mtandaoni na satelaiti, wanagawa asilimia 50 kwa mwenye rekodi, 45 kwa msanii mkuu, 5 kwa wapigaji wa pembeni. Unajiandikisha mara mbili, kama mmiliki na kama msanii, ukijaza upande mmoja wa pili unabaki kwao. Redio za kawaida za Marekani msizitegemee, kwa rekodi hazilipi.

DaMakorora:
Jamani Mungu awabariki. Jumamosi tunakutana wote, nataka karatasi ya mgawanyo isainiwe kabla sijarudi studio. Wapigaji niwaandike kama watunzi wenza ili wapate kikubwa?

Biti_za_Pwani:
Usifanye hivyo dada, nia yako nzuri lakini siku wewe na mjomba wako mkihesabiwa utunzi na watu saba, warithi watagombana. Waandike wapigaji, kila mmoja jina lake kamili kama la kwenye NIDA na chombo alichopiga, nyimbo kwa nyimbo. Alafu sehemu ya hela ya masta ndo muipange kwa asilimia, kila mtu asaini, mashahidi wawili, na mzee wa udi mwandikie pia nani apokee kwa niaba yake akishindwa kwenda mwenyewe.