Klasta nimeifuta, bili bado inapanda. Nimeacha nini?

Mleta uzi:
Wakuu, naombeni msaada. Wiki iliyopita niliunda klasta ya Kubernetes (kundi la mashine zinazoendesha programu kwa pamoja) ya kujifunzia, ile inayosimamiwa na mtoa huduma wa wingu. Nodi (mashine) tatu, tovuti ndogo na hifadhidata ya PostgreSQL. Nilipomaliza nikabonyeza kitufe cha kufuta klasta, nikasubiri mpaka ikatoweka kwenye orodha. Leo nafungua ukurasa wa malipo, gharama zinaongezeka tu. Nodi hazipo, klasta haipo. Nalipia nini?

Mchangiaji 1:
Fungua ukurasa wa diski. Kuna yenye jina linaloanza na `pvc-` halafu herufi na tarakimu ndefu? Ukitoka hapo pitia lodi balansa, kile kigawa trafiki cha mbele ya tovuti.

Mleta uzi:
Duh! Diski mbili, hazijaunganishwa na mashine yoyote. Lodi balansa moja, nyuma yake hakuna kitu. Mbona sikuziunda mimi?

Mchangiaji 2:
Uliziunda mkuu, ila hukujua. Ulipoandika `type: LoadBalancer` kwenye Service (inayoifungulia programu njia ya mtandao), kidhibiti cha klasta ndicho kilichoenda kuagiza lodi balansa. PVC, yaani ombi la hifadhi, na diski ni hivyo hivyo. Aliyeagiza ndiye anayejua kurudisha, nawe umemuua kabla hajarudisha.

Hizo zifute kwa mkono, ila hakikisha kwanza data ya PostgreSQL huitaki tena.

Siku nyingine anzia ndani: `kubectl get svc,ingress,pvc -A`. Futa Ingress (kanuni za kuingiza trafiki ya wavuti) na Service za LoadBalancer, kisha subiri. Usiharakishe hapa. Service ina finalaiza, alama inayoizuia kutoweka mpaka lodi balansa ifutwe kweli. Ikikawia, watu huichomoa finalaiza kwa mkono. Service inaondoka, lodi balansa inabaki, na bili ni ile ile. Baada ya hapo futa StatefulSet (ndiyo inayoendesha hifadhidata), halafu PVC (kwa kawaida hazifutiki pamoja nayo, wengi hunasa hapo), ndipo klasta.

Mchangiaji 3:
Mnajitesa bure. Mimi naiachia Terraform, zana ya kujenga na kubomoa miundombinu: `terraform destroy`, nalala.

Mchangiaji 2:
Terraform hufuta inachokijua. Lodi balansa iliyoagizwa na Kubernetes haimo kwenye kumbukumbu zake, kwa hiyo ikifika kwenye sabneti (kipande cha mtandao) inakwama, inadai kuna kitu bado kinaitumia. Yalinikuta saa nane usiku, nikaanza kukisaka kitu chenyewe kimoja kimoja.

Mchangiaji 1:
Na StorageClass (mpangilio wa aina ya diski) ikiwa na `reclaimPolicy: Retain`, diski inabaki hata PVC ikifutwa. Mleta uzi, getiwei ya NAT (njia ya mashine za ndani kutokea kwenda intaneti) je? Mara nyingi hiyo hutozwa kwa saa hata kama hakuna kinachopita.

Mleta uzi:
Ipo! Diski na lodi balansa nimeshafuta. Sasa anwani ya IP inakataa kuachiliwa.

Mchangiaji 1:
Imeshikwa na NAT. Futa NAT, ngoja iishe kabisa, ndipo uiachilie.

Mleta uzi:
Imetoka. Asanteni wakuu, kesho naamkia ukurasa wa malipo.