Nimenasa redio koli za polisi, niyamwage masafa kwenye grupu?

mvuvi_igombe: Wakuu habari za jioni. Nilichukua redio za mkononi mbili za Baofeng pale Makoroboi, Mwanza, ili vijana wangu wakiwa ziwani tuwasiliane, maana ukishaacha nchi kavu nyuma mtandao wa simu unakata. Sasa juzi usiku napekua masafa tu hivi, si nikaanza kusikia askari wanaongea, doria iko wapi, gari limeelekea wapi, yaani laivu. Nikafanya kosa la kumwambia dogo mmoja bodaboda, kesho yake kijiwe kizima wananipigia wanataka namba za masafa, eti polisi wanalipwa kwa kodi zetu tuna haki ya kusikia. Roho inasita. Niweke au nikaushe?

boda_nyegezi: Weka mkuu unasubiri nini?? Trafiki wakijificha kwenye kona tunazunguka mapema. Marekani watu wanasikiliza polisi wakiwa sebuleni na hawakamatwi

mama_dagaa: Wewe unawaza trafiki mimi nawaza injini. Kaka yangu walimvamia ziwani kipindi cha giza, wakang'oa mashine, wakabeba taa na dagaa, vijana wakaelea mpaka kunakucha. Hao wezi nao wana simu, nao wamo kwenye magrupu hayohayo, siku wakisikia boti ya doria iko upande wa Ukerewe si wanakuja huku kwetu wanachukua kwa raha zao

fundi_redio: @boda_nyegezi hiyo habari ya Marekani umeisikia nusu. Kusikiliza sehemu nyingi kule ni ruksa kweli, ila 2013 baada ya mabomu ya Boston, wakati wanamsaka mtuhumiwa, polisi waliwaomba watu waache kuandika Twitter wanachosikia kwenye skana maana walikuwa wanaanika askari walipo. Uingereza hata kusikiliza tu ni kosa. Na hapa kwetu tuna sheria ya mawasiliano ya 2010, kunasa mazungumzo yasiyokuhusu ni kesi, na hizo Baofeng zenyewe mwulize mvuvi kama ana leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano 😂

Ila mimi linaloniuma zaidi siyo hilo. Kwenye redio wanataja jina la aliyepiga simu, mtaa, mpaka nyumba ya ngapi. Dada kapiga kusema mume anamuua, kijiwe kizima kinajua ni nani na gari bado halijawashwa.

boda_nyegezi: Sawa hilo nimekuelewa fundi. Lakini sasa polisi wakituonea tutajuaje? Wakifunga kila kitu nani atawachunguza

mama_dagaa: Anayeomba hela ya soda haiombi kwenye redio koli mdogo wangu

fundi_redio: 😂😂 Lakini swali lake siyo la kijinga, New York polisi walipoanza kuficha mawasiliano yao waandishi wa habari walilalamika sana na wana hoja. Ila mwandishi anayesikiliza halafu akachuja ni tofauti na kumwaga namba kwa watu mia mbili usiowajua. Mkuu mvuvi kama unataka masafa ya kusambaza sambaza chaneli 16 ya majini, 156.8 MHz, hiyo ni ya kuombea msaada, ipo wazi kwa makusudi, kila nahodha anatakiwa aijue.

mvuvi_igombe: Wabeja sana. Nimeshafuta kwenye memori. Kijiweni nimewaambia redio imeingia maji, sasa kuna mmoja kang'ang'ania niifukie kwenye mchele