Gia ya kwanza au ya pili? Naomba ushauri kwa wanaoendesha pikipiki za trayali

Mwanagenzi_T

Wakuu, habari zenu.

Nimehamia kwenye pikipiki ya trayali (ule mchezo wa kupita mawe na magogo bila kukanyaga chini), 125 ya mipigo miwili, gia sita. Pikipiki za kawaida nimeendesha miaka mingi, kwa hiyo klachi na gia si vitu vigeni kwangu, ila huku naona mambo yamepinduka. Nikiingia kwenye kipande (sehemu ya vizuizi iliyowekewa alama) cha mawe na gia ya kwanza, pikipiki inarukaruka. Nikigusa resi kidogo tu inanivuta mikono, nikiifunga inanirusha mbele. Nikitia ya pili inatulia vizuri, lakini nikifika kwenye kona ya kubana inazima.

Nimejaribu kubadilisha gia katikati ya kipande, imeshindikana. Pedali ya gia iko mbele mno, haifikiki bila kuuondoa mguu kwenye kikanyagio, na nikiuondoa tu nakuwa nimeshaukanyaga chini.

Sasa nyie mnachaguaje gia kabla ya kuingia? Kwenye matope je, na mlimani? Kuna jamaa kanishauri nibadilishe spoketi ya mbele, mwingine kasema niachane nayo. Nawasilisha.

Ngazimawe

Karibu mkuu. Hiyo pedali imewekwa mbele makusudi, ili usiiguse kwa bahati mbaya ukiwa umesimama unahamisha uzito. Maana yake kazi ya kuchagua gia inaisha kabla hujavuka mstari wa kuingilia. Ukishaingia, gia uliyonayo ndiyo utakayotoka nayo.

Pili, sahau mpangilio wa gia uliouzoea. Kwenye pikipiki nyingi hizi ya kwanza, ya pili na ya tatu zimebanana sana, halafu linakuja pengo kubwa. Zile za juu ni za kusafiria kutoka kipande kimoja kwenda kingine. Kwa hiyo ukitoka ya kwanza kwenda ya pili kasi inaongezeka kidogo tu, kinachobadilika hasa ni ukali. Gia ya chini inazidisha kila kosa la mkono wako. Kiganja kikitikisika juu ya jiwe, tairi la nyuma linapata habari papo hapo. Ya pili inakusamehe.

Sasa kwa nini inazima kwenye kona? Nakisia unaachia klachi yote, kama tulivyofundishwa kwenye pikipiki za barabarani, kwamba nusu klachi inaiunguza. Huku sivyo. Klachi hii inaogelea kwenye mafuta na imetengenezwa iteleze siku nzima. Kidole kimoja kisitoke kwenye mkono wa klachi kuanzia mwanzo wa kipande hadi mwisho. Ukiingia kona ya kubana, weka resi juu kidogo ya sailensa (mzunguko wa injini bila kugusa resi), bana klachi hadi iwe inashika kwa shida, na breki ya nyuma iguse kwa mbali. Hapo ya pili inatembea polepole kuliko hata ya kwanza iliyoachiwa yote.

Ndiyo maana mimi nikikagua kipande kwa miguu (usiingie kipande ambacho hujakitembea) siangalii pale penye polepole kuliko pote. Naangalia panapodai msukumo mkubwa, gogo au ngazi ya mawe, nachagua gia ya hapo. Kwenda taratibu kuliko gia yako, klachi inaweza kukusaidia. Kwenda kasi kuliko gia yako hakuna wa kukusaidia, injini italia tu na tairi lisugue.

TaratibuTu

Nakubaliana na Ngazimawe kwa mtu mwenye 250 au 300. Kwa 125 tusimdanganye mwenzetu. Injini ndogo haina nguvu ya chini. Ukiishusha mzunguko kwenye gia ya pili, ukiiomba ikutoe kwenye kona inakohoa na kufa, hasa kama kona imepanda kidogo. Mgeni ambaye kidole chake bado hakijajua klachi aanze na ya kwanza kwenye kona za kubana, tena bila aibu.

Na hilo la kurukaruka lina dawa nyingine. Pikipiki nyingi za trayali zina swichi ya kubadili tabia ya injini, kavu na mvua. Iweke ya mvua hata kama jua linawaka. Vilevile bomba la resi huwa yapo ya aina mbili, la haraka na la taratibu. Weka la taratibu. Hapo ya kwanza itakuwa ya kistaarabu.

Gogo_Mtanuko

Gia ya kwanza ni ya kupandishia pikipiki kwenye gari jioni 😂

TaratibuTu

Gogo, wewe na hiyo 300 yako tulia.

Mwanagenzi_T

Asanteni sana wakuu. Ngazimawe umenigusa, ni kweli klachi huwa naiachia yote. Nimehesabu na spoketi: mbele meno 11, nyuma 42. Aliyekuwa nayo kabla yangu alikuwa anaitumia sana njia za porini.

Fundi_Cheni

Hapo ndipo penye jibu lako, kaka. Gawanya: 42 kwa 11 ni 3.82. Ukiweka ya mbele yenye meno 10 inakuwa 4.2, yaani gia zako zote zinashuka kama asilimia 10. Jino moja mbele ni karibu sawa na kuongeza meno manne nyuma, na spoketi ya mbele ni rahisi kufungua. Soma kwanza kijitabu cha pikipiki yako uone ilitoka kiwandani na meno mangapi, kwa sababu naona kama huyo mtu aliirefusha kwa ajili ya safari.

Kwa 125, 10 mbele itaifanya ya pili yako ikae mahali ambapo nyie wawili hapo juu mnagombania. Usikimbilie 9. Cheni inajikunja sana kwenye spoketi ndogo, inalika haraka pamoja na ile plastiki ya kwenye mkono unaoshika gurudumu la nyuma. Ukishabadilisha, rekebisha ulegevu wa cheni. Cheni iliyolegea nayo inaleta huo mrusho unaolalamikia kila ukifungua na kufunga resi.

Mama_Kipande

Nimekuwa mwamuzi kwenye vipande kwa muda, niongeze jambo ambalo waendeshaji huwa wanalisahau. Mguu chini mara moja ni pointi 1 ya adhabu, mara mbili ni 2, kuanzia mara tatu ni 3. Kuanguka au kutoka nje ya alama ni 5, na pale penye kanuni ya kutosimama, kusimama nako ni 5. Kwa hiyo ukiwa na wasiwasi kati ya gia mbili, jiulize ile uliyochagua ikikataa itakataa vipi. Ya chini mno itakuyumbisha uweke mguu. Ya juu mno itazima katikati ya kona. Wengi ninaowaandikia 5 kwenye vipande vya wanaoanza ni wa hilo kundi la pili, samahani Gogo.

Ngazimawe

Dada umemaliza. Kwa kona nampa TaratibuTu ushindi, mpaka kidole kikomae.

Lakini kwenye gogo sirudi nyuma, ya pili. Unalifuata taratibu, unabonyeza springi, unapiga resi na kuachia klachi, gurudumu la mbele linapanda, unafunga resi kabla la nyuma halijagonga. Ukiwa kwenye ya kwanza, mzunguko unaisha pale pale unapouhitaji na tairi linasugua gome. Ya tatu waachie wenye mkono mzito. Na usijifunze gia kwa kutazama video za Toni Bou. Yule alianza kutwaa ubingwa wa dunia wa trayali 2007 na akautwaa miaka mingi mfululizo, anaingia kwenye ukuta na gia ambayo mimi na wewe tungetua nayo hospitali.

Gogo_Mtanuko

Haya niseme la maana sasa. Matope: panda gia moja. Pale ungetumia ya kwanza tia ya pili, pale pa ya pili jaribu ya tatu, resi ndogo. Lengo tairi lizunguke taratibu liume, likianza kuzunguka ovyo linajaza matope kwenye meno na linakuwa duara laini. Upepo wa tairi la nyuma angalia pia, wengi tunakaa kwenye psi 4 hivi, mbele tano au sita. Ukiwa na psi 10 gia yoyote utaiona mbaya.

Mlima: kasi inachukuliwa chini, kabla ya kupanda. Ya pili kwa mlima mfupi, ya tatu kama una pa kukimbilia. Unavyopanda unapunguza resi. Ukijikuta unaongeza ukiwa karibu na kileleni, ulichagua vibaya chini kule, na tairi litachimba shimo. Kushuka ni ya kwanza, lakini ya mipigo miwili haikushiki sana kama ya mipigo minne, kwa hiyo breki zote mbili, na kidole kibane klachi kabla tairi la nyuma halijafunga, la sivyo injini inazima.

Mwanagenzi_T

Nimeelewa. Kidole nikikomaze vipi sasa?

TaratibuTu

Tafuta uwanja tambarare, weka mawe mawili, zunguka namba nane na usukani umekata hadi mwisho. Fanya kwa ya kwanza mpaka uchoke. Kisha ya pili, kwa mwendo ule ule. Kisha ya tatu, bado mwendo ule ule. Ya tatu itakutesa, ila ukirudi kwenye ya pili utashangaa. Asubuhi kabla ya kuanza, pasha injini, bana klachi, tia gia, shika breki ya mbele na upige resi kidogo, sahani zilizogandana zitaachana. Vinginevyo itakuvuta hata ukiwa umebana.

Mwanagenzi_T

Hiyo ya kuvuta ninayo! Asubuhi na mchana pia, na ikipata joto mkono wa klachi unakuwa laini, unakaribia mpini.

Fundi_Cheni

Basi kuna hewa kwenye mfumo wa klachi, kaka, na namba nane hazitasaidia kabla hujaitoa. Badilisha na mafuta yake. Ila soma kwenye kifuniko cha kikopo kilichopo kwenye mpini: klachi nyingine zinatumia DOT 4, nyingine mafuta ya madini. Ukichanganya, mipira ya ndani inavimba na kuharibika.