Mwenye jengo kajaza sola paa zima, TANESCO wakikata tunakaa giza, halafu ananiambia nikauze vitumbua!

MchapaMabango: Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Simtaji, ila wa Kariakoo mnamjua. Jengo la vioo, paa limejaa paneli mpaka kunguru hawana pa kutua.

Leo saa saba mchana, jua la kuivisha yai kwenye lami, nachapa bango la harusi la mita tatu. Pa! Umeme umekatika. Bango limeishia kwenye kidevu cha bibi harusi, bwana harusi hajatoka hata unywele. Shangazi mtu amesimama hapo hapo anaangalia.

Nikamfuata kwa adabu zote: "Shikamoo mzee. Sola ipo, jua hili, mbona tumezima?" Mbele ya shangazi, mbele ya mlinzi, mbele ya wapangaji wa ghorofa nzima, akanijibu: "Kama hujui umeme, kauze vitumbua."

Mimi! Vitumbua!

Na pango alilipandisha kwa ajili ya sola hiyo hiyo. Alituita kikao, akatuapia mgao tutausikia redioni tu. Betri hakununua hata moja! TANESCO wakikata, inveta, ile mashine inayogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumia, inawasha taa nyekundu inalala, na paneli zote zile zinaota jua bure. Halafu nikauze vitumbua! Shangazi kataka advansi yake, kaondoka.

Chungu_Tamu: Mkuu, vitumbua havihitaji inveta. Mzee kakupa wazo la biashara unalia.

KakaMbagala: Uzi bila picha ya bango hatuamini. Tupia kidevu tukione.

FundiWaya: Mleta mada ana haki. Hiyo ni inveta ya kutegemea gridi, yaani umeme wa TANESCO. Gridi ikikata lazima ijizime, la sivyo umeme wa paani unarudi kwenye nyaya na fundi aliyepanda nguzo anapigwa shoti. Dawa ni inveta ya haibridi, inayofanya kazi na gridi au na betri, pamoja na betri zenyewe, tena si kwa jengo zima. Tenganisha mzigo wa lazima: taa, kompyuta, mashine za kazi. AC na lifti waachie jenereta. Tuseme mzigo huo ni kW 10 kwa saa 4, hiyo ni kWh 40. Betri za asidi usizishushe chini ya nusu ya chaji, kwa hiyo funga kWh 80. Lithiamu unatumia mpaka asilimia 80 ya chaji yake, kWh 50 zinatosha, na inadumu miaka mingi zaidi. Kama jengo lipo T2, ile bei ya TANESCO ya watumiaji wakubwa, betri ingempunguzia hata kVA za kilele, yaani mzigo wa juu kabisa anaoulipia kila mwezi.

MchapaMabango: Umeona! Nilimuuliza kikaoni betri ziko wapi, akasema zinakuja. Leo ndiyo zimekuja, zimekuja na vitumbua! Mbele ya shangazi wa watu!

Chungu_Tamu: Shangazi kahamia duka gani? Nami nachapa mabango.

MtuWaThikaRoad: Nyinyi mnalilia duka moja. Huku Kenya Agosti 2023 nchi karibu yote ilizima, na uwanja wa ndege wa JKIA penyewe jenereta ikagoma, abiria gizani. Na hapa jirani yangu, jengo la maduka la Garden City, wana paneli za kW 858 juu ya maegesho tangu 2015, magari yanakaa kivulini raha mustarehe. Mimi mpangaji wa ghorofa ya tano nanunua mishumaa.

BintiTemeke: Afadhali nyie wa sola. Kwetu jenereta liko chini ya dirisha langu. Likiwashwa, moshi wote unaingia saluni, mteja anatoka na nywele mpya na kikohozi. Na dizeli tunachangishwa!

KakaMbagala: Dizeli mnachangishwa kwa mita au kwa kukadiria?

BintiTemeke: Kwa kukadiria! Muuza soda mwenye friji moja analipa sawa na benki.

MchapaMabango: Wakuu, turudi kwenye mada. Mtu mzima kaniambia nikauze vitumbua.

KakaMbagala: Dada, kwetu ni hivyo hivyo. Dai mita ndogo kila chumba, sisi tulimgomea mpaka akafunga.

Chungu_Tamu: Mita mnayo, lifti je? Yetu ilikwama na mganga wa meno ndani, mgonjwa juu anamsubiri kakenua mdomo.

FundiWaya: Lifti hiyo haina betri ya dharura ya kuishusha mpaka ghorofa ya karibu na kufungua mlango?

Chungu_Tamu: Inayo, imekufa. Mwenye jengo anasema zinakuja.