Mtaala wa mada darasa la pili: watoto wanaeleza vizuri ila kusoma kunasuasua. Naomba ushauri

Mwalimu_D2
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za kazi. Shule yetu imeanza kufuata mtaala wa mada, yaani badala ya kila somo kwenda na muhtasari wake, wiki kadhaa zinatengewa mada moja, kama vile maji au usafiri, na kusoma, kuandika, hesabu na sayansi vyote vinapitia humo. Faida naiona: mtoto aliyekuwa hafungui mdomo darasani sasa anaeleza kwa sentensi kamili kwa nini mfuniko wa sufuria unalowa kwa ndani. Lakini mtoto huyohuyo akipewa aya ngeni anakwama kwenye silabi kama "mvu" na "nywe", na ukimpa 43 kutoa 18 anaandika 35, kwa sababu kwenye mamoja ametoa 3 katika 8. Je, kasoro iko kwenye mtaala au kwenye utekelezaji wangu? Mwalimu wa taaluma anataka maoni yangu kwa maandishi.

Chaki_Nyeupe
Marahaba. Hilo jibu la 35 linaeleza mengi. Mada huunganisha maarifa vizuri, na ndiyo maana msamiati na uelewa wa watoto wako umekua, kwani neno "mvuke" wanalikuta kwenye hadithi, kwenye jaribio na kwenye mchoro ndani ya wiki moja. Hesabu na usomaji wa awali, hata hivyo, vina ngazi zake: mtoto asiyejua makumi na mamoja hawezi kutoa kwa kukopa, hata ukimhesabishia ndoo za maji kutwa nzima. Mada ikishika usukani, ngazi hurukwa bila mwalimu kujua. Uingereza walilipitia hili. Ripoti ya Plowden ya mwaka 1967, kuhusu elimu ya msingi, iliunga mkono ujifunzaji unaovuka mipaka ya masomo, na mwaka 1992 ripoti ya Alexander, Rose na Woodhead ikalalamika kwamba sehemu kubwa ya ufundishaji wa mada ilikuwa ya vipandevipande na ya juujuu. Tenga kipindi cha silabi na cha hesabu kila siku, vifuate mpangilio wao, na mada ibaki kwenye vipindi vingine.

Mkaguzi_Mdadisi
Nakubali, ila tusiuhukumu mtaala haraka. Uganda ilipoanzisha mtaala wa mada mwaka 2007 kwa madarasa matatu ya kwanza, iliambatanisha na kufundisha kwa lugha za wenyeji, kisha darasa la nne likawa la kuhamia Kiingereza. Mtoto akifanya vibaya hapo, utasema ni mada, ni lugha, ni wingi wa wanafunzi, au ni mwalimu ambaye hakupata vitabu vya lugha hiyo? Kwa hiyo kwenye maandishi yako tenganisha kinachotokana na mada na kilichokuwepo tangu zamani. Daftari za mwaka jana zitakusaidia.

Mama_Pacha
Nachangia kama mzazi. Wanangu wanapenda shule kuliko zamani, lakini daftari moja lenye kila kitu linanishinda. Sijui nimsaidie mtoto wapi.

Mwalimu_D2
Ahsanteni sana. Daftari za hesabu za mwaka jana ninazo, na kosa la kutoa lilikuwepo, ingawa kwa watoto wachache zaidi. Je, tathmini niifanyeje, maana fomu tuliyopewa inauliza tu kama mtoto "ameielewa mada"?

Chaki_Nyeupe
Fomu hiyo ijaze kama ilivyo, lakini uwe na karatasi yako pembeni: majina upande mmoja, na upande wa pili stadi mojamoja, kama kusoma silabi za konsonanti tatu, kusoma aya ngeni, na kutoa kwa kukopa. Msikilize kila mtoto peke yake akisoma, wengine wakiwa wanachora au wanaandika kuhusu mada. Karatasi hiyo iambatanishe na maoni yako, na mzazi wa darasani kwako aliye kama Mama Pacha umwonyeshe safu ya mwanawe.